Jina la Batisimu

Katika parokia zetu za Lubumbashi, mtu akitaka kujua kama mwenzake ni mkristu, mara nyingi haulizi kama amebatizwa. Anauliza: «Jina lako la batisimu ni nani?» Mwenzake anajibu Yoane au Sesilia, na mambo yamekwisha. Swali hilo si baya. Lakini limeingiza katika akili za watu wazo lisilo sawa, kwamba batisimu ni siku ya kupewa jina. Wazazi wanaofika kuandikisha mtoto wamekwisha kushindana nyumbani juu ya jina kwa muda wa miezi mitatu. Juu ya ahadi watakazotoa mbele ya maji hawajasema neno. Mkatekumeni mzima analijua jina atakaloitwa tangu mwaka wa kwanza wa mafundisho, lakini ukimwuliza anakataa nini anapomkataa Shetani, ananyamaza.

Ndugu wapenzi, wakatekista ndio wanaokutana na jambo hili kila juma, na wanafunzi wa seminari watakutana nalo siku watakapotumwa parokiani. Kwa hiyo inafaa tulichunguze: jina linafanya nini katika batisimu, na halifanyi nini? Katika inchi yetu swali hilo si mchezo wa darasa la teolojia. Ulikuwa wakati ambapo serikali ilikataza majina ya watakatifu wa Ulaya, na siku hizi kuna wahubiri wanaokataza majina ya babu zetu. Pande zote mbili watu waliumia, na wengine wanaumia bado.

Jina linaletwa mlangoni

Tuanze na ibada yenyewe, kwa maana ibada ya Eklezia ni mwalimu asiyechoka. Katika kitabu cha batisimu ya watoto, kilichotolewa Roma mwaka 1969 baada ya Mtaguso wa pili wa Vatikano, padri anawapokea wazazi mlangoni, na hapo hapo, kabla ya kusoma Neno la Mungu, kabla ya mafuta, kabla ya maji, anawauliza jina la mtoto. Halafu anawauliza wanaomba nini kwa Eklezia ya Mungu. Wazazi hawajibu kwamba wanaomba jina. Wanajibu kwamba wanaomba batisimu, au imani, au neema ya Kristu, au uzima wa milele. Jina limekwisha kutajwa. Wamelileta toka nyumbani, kama vile mtu anavyoleta sahani yake kwenye chakula. Sahani inahitajiwa, lakini sahani si chakula.

Ni kweli kwamba kuna jina linalotolewa majini, lakini si lile tunaloliandika kwenye karatasi. Matayo anatuelezea mwishoni mwa Evanjili yake kwamba Yezu aliwatuma mitume wabatize kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Wale wanaosoma Kigiriki katika seminari watazame neno dogo lililowekwa pale: ni neno la mwendo, la kuingia ndani. Mbatizwa anaingizwa katika Jina lile na kuwa mali yake, kama vile mtoto anavyoingia katika ukoo wa baba yake. Jina hilo hakuna mtu anayeweza kulichagua wala kulifuta. Ndiyo maana batisimu haitolewi mara ya pili, hata kama mtu amekana imani na kubadili majina yake mengine yote mara kumi.

Hapa nawaomba wakatekista waache mfano mmoja unaotumiwa sana, kwamba Saulo alipobatizwa aliitwa Paulo. Matendo ya Mitume hayasemi hivyo. Katika sura ya 9 Anania anamwita Saulo, anamwekea mikono, naye anabatizwa na kubaki Saulo. Jina la Paulo linaonekana katika sura ya 13 tu, wakati yuko katika kisiwa cha Kipro, na mwandishi anatuambia kwamba mtu huyo alikuwa na majina mawili. Simoni naye aliitwa Petro kwa ajili ya kazi atakayopewa, na Abramu akaitwa Abrahamu kwa ajili ya agano. Mungu anaweza kumpa mtu jina jipya akitaka. Lakini hakulifanya jambo hilo kuwa sehemu ya sakramenti.

Wakristu wa karne za kwanza walibaki na majina waliyopewa na wazazi wapagani. Mwishoni mwa barua kwa Waroma, Paulo anamsifu Fibi, mhudumu wa Eklezia ya Kenkrea, na jina lile lilikuwa la mungu wa kike wa Wagiriki. Katika sura ile ile anamsalimu Herme, na Herme alikuwa mungu wao vilevile. Mhubiri hodari Apolo jina lake linatoka kwa mungu Apolo. Hakuna mtume aliyewaamuru walivue. Hata leo tunawabatiza watoto kwa jina la Denisi, lililotoka kwa Dionizo, mungu wa divai, na kwa jina la Martini, lililotoka kwa Marte, mungu wa vita. Na Isidoro? Maana yake ni zawadi ya Isisi, mungu wa kike wa Misri ya kale.

Tusimame kidogo juu ya jina hili la mwisho, kwa sababu limekwisha kuwa la Kongo. Kijana Bakanja alifanya kazi ya kusaidia waashi huko Mbandaka. Tarehe 6 Mei 1906 alibatizwa katika misioni ya Watrapisti akaitwa Isidoro. Baadaye, alipokuwa akimtumikia mzungu wa kampuni, alipigwa fimbo vibaya kwa sababu hakukubali kuvua skapulari ya Bikira Maria, na vidonda vile vilimwua tarehe 15 Agosti 1909. Baba Mtakatifu Yoane Paulo wa pili alimtangaza kuwa mwenye heri tarehe 24 Aprili 1994. Tazameni majina yake mawili. Isidoro lilikuwa la kipagani, na watakatifu waliolibeba ndio walioligeuza. Bakanja lilikuwa la nyumbani kwao, naye mwenyewe aliyelibeba ndiye aliyeligeuza. Leo mzazi wa Kongo anaweza kuomba mtoto wake abatizwe kwa jina la Bakanja au la Anuarite, na padri hawezi kumwuliza jina hilo ni la mtakatifu gani.

Tangu tarehe 15 Juni 2025 tunaye vilevile mwenye heri Floribert Bwana Chui, mwenyeji wa Goma, aliyeuawa mwaka 2007 kwa sababu alikataa rushwa ili asipitishe chakula kilichooza kiuzwe kwa watu. Bwana Chui! Ni nani kati ya mapadri wa zamani angelithubutu kuliandika jina hilo katika kalendari ya parokia?

Basi, desturi ya majina ya watakatifu ilitoka wapi? Ilitoka katika mapendo ya wakristu kwa mashahidi wao, nayo ni ya kale. Mtakatifu Yoane Krizostomo, katika karne ya nne, aliwahimiza wazazi wawape watoto majina ya watakatifu kuliko ya mababu. Mwishowe desturi ikaingia katika sheria. Kitabu cha sheria ya Eklezia cha mwaka 1917, katika kanuni ya 761, kiliwaagiza maparoko waangalie kwamba mbatizwa anapewa jina la kikristu. Na kama wazazi hawakubali, paroko aongeze jina la mtakatifu juu ya lile waliloleta, na kuandika yote mawili katika kitabu. Wamisionari walioleta imani Katanga waliifuata sheria hiyo, na tusiwahukumu kwa kuifuata. Lakini kanuni ilisema kuongeza. Haikusema kufuta. Pahali pengi jina la nyumbani liliachwa mlangoni kama kiatu chenye matope, na mtoto wa shule akaona haya kulitaja mbele ya padri.

Kanuni ya 855 ya kitabu kipya cha mwaka 1983 imefungua mlango: wazazi, wasimamizi na paroko waangalie tu kwamba jina halipingani na maana ya kikristu.

Miaka ya «authenticité»

Tarehe 27 Oktoba 1971 inchi yetu iliitwa Zaire. Katika mwezi wa Januari 1972 Rais Joseph-Désiré Mobutu aliacha majina yake ya batisimu, akajiita Mobutu Sese Seko, akawataka raia wote wafanye vilevile. Mji wetu ulikuwa umekwisha kuacha jina la Élisabethville tangu 1966. Sasa jimbo la Katanga nalo likaitwa Shaba. Kardinali Malula, askofu mkuu wa Kinshasa, hakukubali. Gazeti la wakatoliki Afrique chrétienne likasimamishwa, yeye mwenyewe akanyang'anywa nyumba yake, akaenda Roma akakaa huko miezi kadhaa kabla ya kurudi mwaka ule ule. Mapadri walitishwa kifungo wakithubutu kubatiza mtoto kwa jina la kizungu.

Tupime jambo hili kwa haki. Katika wazo lile la Rais kulikuwa na ukweli, na mapadri wengi Waafrika waliuona. Kwa nini Muluba au Mubemba aone haya kwa jina la babu yake, na kujivuna kwa jina ambalo hata kulitamka hawezi? Kosa lilikuwa pengine. Serikali ilitaka kusema ni nani mwenye kumwita mtu. Anayekupa jina anadai mkono juu yako. Ndivyo wazee wetu walivyojua, na ndivyo chama kilivyojua pia. Mwaka 1976 Askofu Mkuu Eugène Kabanga wa Lubumbashi aliandika barua yake yenye kichwa «Je suis un homme», maana yake Mimi ni mtu. Yeye aliitwa Kabanga, jina la mapacha kwa Baluba, na hakuna aliyeweza kumshitaki kwamba anatetea mambo ya kizungu. Alitetea mtu, ambaye thamani yake haitoki kwa chama.

Na upande wa sakramenti? Miaka ile ilitufundisha jambo ambalo mahubiri mengi yalikuwa hayajaweza kufundisha. Watoto wengi waliandikwa serikalini bila Maria na bila Petro. Batisimu yao haikupungua hata kidogo. Waliingizwa katika Jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, na Jina lile hakuna amri ya Rais iliyoweza kuligusa. Lakini wakristu wengine walilia kana kwamba wamenyang'anywa batisimu yenyewe, na kilio chao kilionyesha wazi ni nini walichokuwa wamefundishwa. Wengine waliendelea kuitana kwa majina ya watakatifu nyumbani na kanisani, na majina ya Mobutu wakayaacha kwenye karatasi.

Jambo la kushangaza ni kwamba katika mwezi ule ule, tarehe 6 Januari 1972, Roma ilitoa kitabu cha ibada ya kuingiza watu wazima katika ukristu. Kitabu hicho kinasema kwamba mteule anaweza kuchukua jina jipya, ama la desturi ya wakristu ama la desturi ya inchi yake, mradi lisipingane na imani. Tena anaweza kubaki na lile alilopewa na wazazi, akaelezwa maana yake ya kikristu. Kinshasa na Roma hawakupatana juu ya neno hilo; walikutana tu katika kalendari.

Baada ya hotuba ya tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alipolegeza kamba, majina ya watakatifu yalirudi kwa haraka. Leo raia wa Kongo ana jina, ana «post-nom», ana «prénom». Hiyo «post-nom» ni kovu la mwaka 1972, lililobaki katika kila karatasi ya serikali na katika kila orodha ya shule.

Nyanya si Shetani

Sasa shida imetoka upande mwingine. Mkatekumeni mmoja, mwanamke aliyeolewa, alikuja kwangu katika mwaka wake wa pili wa mafundisho. Alikuwa na jina la nyanya yake aliyekufa zamani. Katika kikundi fulani cha maombi alikuwa ameambiwa kwamba jina lile ni mnyororo, kwamba yule marehemu anamshika kwa jina hilo, na ndiyo sababu hapati mtoto. Aliomba tuharakishe batisimu yake ili jina likatwe. Mume wake alikuwa amekwisha kuacha kumwita kwa jina lile. Alimwita «wewe» tu.

Katekista ambaye hajapata swali la namna hii atalipata. Tusimjibu mtu huyo kwa kucheka, wala kwa kumwambia kwamba hayo ni mambo ya washenzi. Kuna mawazo mawili ndani ya neno lake, na ni lazima tuyatenge.

La kwanza linatoka kwa wazee. Padri Placide Tempels, Mfransiskani aliyefika Kongo mwaka 1933 na kuishi kati ya Baluba wa Katanga, alieleza katika kitabu chake juu ya filosofia ya Wabantu, kilichotoka mwaka 1945, kwamba kwa Baluba jina si kitambaa kilichofungwa nje ya mtu. Kuna jina la ndani, ambalo ni kama mtu mwenyewe. Tena kuna majina mengine anayoyapata baadaye, na mengine ya nje kabisa anayoweza kuyavua. Tunaweza kubishana na Tempels juu ya mambo mengi, na katika seminari kubwa tumebishana naye usiku kucha. Lakini ametuachia swali zuri. Jina la batisimu tunalowapa watu, linaingia wapi? Kama linabaki kati ya majina ya nje, majina ya kukaa na wazungu, basi siku mtu anapoogopa kweli, siku ya kilio au siku ya ugumba, atalivua na kurudi kwa lile la ndani. Hayo tumeyaona mara nyingi mno.

Kuhusu marehemu kurudi, mafundisho ya Eklezia ni wazi: kila roho inaumbwa na Mungu mwenyewe, na mtu anakufa mara moja tu. Nyanya hakurudi katika mjukuu. Yuko mbele ya Mungu, anahitaji sala yetu, au anatuombea. Jina alilomwachia mjukuu ni ukumbusho, ni shukrani, ni utii wa amri ya nne.

Wazo la pili linajidai kuwa la kikristu, na kwa sababu hiyo ni la hatari zaidi. Wahubiri wale wanasema kwamba Yezu amekuja kutukata toka kwa mababu. Tufungue tena kitabu cha ibada. Mara tatu mbatizwa anaulizwa kama anakataa, na anayekataliwa ni Shetani, pamoja na kazi zake na fahari zake. Katika ibada tunamkataa Shetani, hatumkatai nyanya. Sala ya kufukuza pepo inayosomwa kabla ya kupakwa mafuta haitaji ukoo wa mtu. Aliyemfundisha yule mwanamke kumwogopa marehemu wake zaidi ya zambi zake mwenyewe hakumfungua. Alimfunga mara ya pili.

Sisemi kwamba kila jina linafaa. Kanuni ya 855 haikuandikwa bure. Kuna majina yaliyotolewa ili kumtukana jirani, na mtoto anayabeba kama shitaka linalotembea barabarani. Kuna majina ambayo wazazi waliyatoa kwa kumweka mtoto katika mikono ya roho fulani, na wanajua walichofanya. Katika shida hizo padri azungumze na familia kwa upole, na jina libadilishwe kama inavyofaa. Lakini Masumbuko, Tabu, Mwavita? Wengine wanakataa majina haya kwa kusema yanavuta mateso. Mtoto anaitwa Mwavita kwa sababu alizaliwa katika vita. Mama yake hakuleta vita. Raheli naye, alipokuwa akifa, alimwita mwanawe mwana wa uchungu. Yakobo akambadilishia akamwita Benyamini. Baba alikuwa na ruhusa hiyo, na mzazi wa leo anayo pia. Lakini Maandiko Matakatifu yaliyahifadhi majina yote mawili, na uchungu wa mama haukufutwa.

Yule mwanamke hatukuharakisha batisimu yake. Alimaliza mwaka, alijifunza kusali kwa ajili ya nyanya yake, na katika usiku wa Pasaka alibatizwa kwa jina lile lile, pamoja na jina la Elizabeti ambalo alilichagua mwenyewe. Hajapata mtoto hata sasa. Mume wake amerudi kumwita kwa jina.

Kutoa jina

Nimesema jina linaletwa mlangoni. Wakristu wa zamani walikuwa na neno lenye nguvu kwa jambo hilo: walisema mkatekumeni anatoa jina lake. Mwanamke msafiri aitwaye Ejeria, aliyetembelea Yeruzalemu mwishoni mwa karne ya nne, ametuachia habari ya namna ilivyofanywa huko. Mwanzoni mwa Kwarezima askofu alikaa kitini katika kanisa kubwa, na wanaotaka batisimu waliletwa mmoja mmoja, wanaume pamoja na baba zao wa batisimu, wanawake pamoja na mama zao. Askofu hakumwuliza mwombaji ameshika masomo mangapi. Aliwauliza majirani: mtu huyu anaishi vema? Anawaheshimu wazazi wake? Si mlevi, si mwongo? Kama hakuna neno baya juu yake, askofu aliandika jina lake kwa mkono wake mwenyewe. Kama liko, alimwambia atoke, akajirekebishe, ndipo arudi.

Ninaposoma habari hiyo nafikiri juu ya ofisi zetu. Tunaandika jina siku ya kwanza, pamoja na numero ya telefone, tena mara nyingine kwa sababu shule au arusi inadai karatasi ya batisimu. Halafu tunatafuta msimamizi katika juma la mwisho, na anayepatikana ni yule mwenye suti nzuri. Ibada ya sasa imerudisha ile desturi ya kale: Dominika ya kwanza ya Kwarezima majina ya wateule yanaandikwa mbele ya watu, na wasimamizi wanatoa ushuhuda juu yao. Pahali pengine tunaifanya mbio mbio, kama kuita orodha ya darasa.

Lakini sisi tuna majirani. Katika Katuba, katika Kenya, katika Ruashi, jumuiya ndogo za wakristu zinakutana barabara kwa barabara, na wanajua vizuri kuliko padri nani anampiga mke wake na nani hajalipa deni. Katekista aende huko kabla ya Kwarezima, akaulize maswali ya Ejeria kwa sauti ya chini, bila kumwaibisha mtu. Jina liandikwe baada ya hapo. Itachukua muda, na wengine watakasirika na kwenda kubatizwa pahali pa mbio zaidi. Waende. Kardinali Lavigerie aliwaagiza Mapadri Weupe kwamba mtu mzima akae miaka 4 kabla ya batisimu, miwili ya upostulanti na miwili ya ukatekumeni, isipokuwa kama yuko karibu kufa. Na katika misioni zao za kando ya Tanganika alitoka Stefano Kaoze, padri wa kwanza wa Kongo ya nyakati hizi zetu, aliyepewa upadri mwaka 1917. Miaka ile haikuwa ya kujifunza maneno kwa kichwa tu. Ilikuwa ya kuona kama mtu anaanza kuishi kwa namna nyingine.

Wanafunzi wengine wataniuliza: na Kizito? Mwaka 1886, katika jumba la mfalme Mwanga wa Buganda, Karoli Lwanga alibatiza vijana wanne usiku, kwa sababu asubuhi ilikuwa na hukumu. Ndiyo, lakini vijana wale walikuwa wakatekumeni. Mafundisho walikuwa wamekwisha kuyapokea kwa siri, na Kizito alikuwa ameomba batisimu mara nyingi. Katika haraka ile hakuna aliyefungua kalendari kuwatafutia majina. Ndiyo maana tunamwita Mtakatifu Kizito tu, na Gyavira, na Mugaga, na Mbaga. Na mwenzao Mukasa Kiriwawanvu hakupata hata maji. Alibatizwa kwa damu yake. Paulo wa sita aliwaandika wote katika orodha ya watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, kwa majina waliyoletwa nayo toka nyumbani.

Mtu akichagua jina la mtakatifu, ni vizuri sana, na tumsaidie kulichagua kwa akili. Asipewe jina ambalo hajui mwenye kulibeba aliishi namna gani. Mwaka mmoja kabla ya batisimu anaweza kusoma maisha ya mtakatifu yule, au kusomewa kama hajui kusoma, na siku ya sikukuu yake jumuiya imkumbuke. Kwa watoto wadogo wasimamizi wafanye kazi hiyo polepole mtoto anapokua. Majina ya wachezaji wa mpira na ya waimbaji sitasema mengi juu yake. Sheria haiyakatai, na mtoto asiyekuwa na kosa asinyimwe batisimu kwa sababu ya upumbavu wa baba yake.

Linabaki neno moja la ofisi, nalo linawahusu wale watakaokuwa maparoko. Kanuni ya 877 inaagiza kuandika jina la mbatizwa bila kukawia, pamoja na la wazazi, la wasimamizi na la aliyebatiza, pahali na siku. Na katika ukurasa huo huo zitaandikwa kipaimara, ndoa, upadri, nadhiri. Watu waliobatizwa kabla ya 1972 au katika miaka ile wanakuja sasa kutafuta karatasi kwa ajili ya ndoa za watoto wao au zao wenyewe, na jina lililo katika kitabu si lile la kitambulisho. Padri asikate tamaa kwa haraka, wala asiwabatize mara ya pili kwa ajili ya kurahisisha kazi. Atafute kwa majina ya wazazi, kwa mwaka, kwa msimamizi, aulize wazee wa parokia. Akiisha kumpata, apeleke shauri kwa kansela ya jimbo, na jina jipya liandikwe pembeni; lile la kwanza lisifutwe.